Kipindi cha Kwanza cha Saturday Night Live na Muda Uliogawanywa Vibaya

Kipindi cha kwanza kabisa cha Saturday Night Live, kilichorushwa mubashara kutoka New York usiku wa Jumamosi ya tarehe 11 Oktoba 1975, kina dakika chache zilizo bora kuliko vichekesho vingi nilivyowahi kuviona, na kina dakika nyingine nyingi ambazo mtazamaji anaweza kutoka nje, akazungumza na jirani, akarudi, na asiwe amekosa kitu. Nimekitazama tena mwezi huu pamoja na vijana wa kikundi cha maigizo ninachokisaidia hapa Tabora, na kadiri nilivyokitafakari ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba kupanda na kushuka kwake hakutokani na upungufu wa vipaji wala na utani uliochakaa, bali kunatokana na namna muda ulivyogawanywa. Waliopewa nafasi ya kukaa ndani ya wazo moja mpaka likamilike walifanya mambo ya ajabu. Waliosukumwa waingie na kutoka upesi waliacha jukwaani vipande visivyo na mwisho. Naye aliyepewa muda mwingi kuliko wote aliutumia akiwa peke yake, mbali na wenzake.

Wakati huo kipindi hakikuwa na jina tunalolijua leo. Kiliitwa NBC's Saturday Night, kwa kuwa kituo shindani cha ABC kilikuwa tayari na kipindi kingine chenye jina la Saturday Night Live, kilichoongozwa na mtangazaji wa michezo Howard Cosell. Mtayarishaji wake, Mkanada Lorne Michaels, alikuwa na umri wa miaka 30, na alikabidhiwa Studio 8H katika jengo la Rockefeller Center pamoja na dakika 90 za hewani, matangazo ya biashara yakiwa ndani yake, kuanzia saa tano na nusu usiku. Saa hiyo, hapa kwetu Tabora ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumapili, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Ingesubiri mpaka miaka ya 1990. Kichekesho cha kurushwa hewani, kwa wazazi wetu, kilikuwa cha redio, cha akina Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambao walilazimika kuchekesha kwa sauti tupu. Nalitaja hili kwa sababu vijana wa leo wamezoea vipande vya sekunde 30 kwenye simu, vilivyorekodiwa, vikakatwa na kuunganishwa, na mwanzoni hawakuelewa ni kwa nini mtu aliye na kamera achague kuonyesha jambo lisiloweza kurekebishwa. Waliielewa sababu yenyewe mapema, pale mtangazaji Don Pardo, aliyekuwa ameitumikia NBC tangu mwaka 1944, alipolipindua jina la kundi la waigizaji alipokuwa akilitamka kwa mara ya kwanza, na jina hilo likaenda hewani likiwa limepinduka. Hapakuwa na mtu wa kulirudisha.

Kipindi kinaanza bila salamu, bila muziki, na bila jina la mtu yeyote kuonekana kwenye skrini. Michael O'Donoghue, ambaye alikuwa pia miongoni mwa waandishi wa kipindi, ameketi akisoma gazeti. John Belushi anapanda ngazi, anaingia na kuketi karibu naye. Mmoja ni mwalimu wa Kiingereza, mwingine ni mhamiaji aliyekuja kujifunza, na somo linaanza: mwalimu anatamka sentensi kwa vipande, mwanafunzi anairudia kwa lafudhi nzito. Sentensi zenyewe zinatisha, na hazina matumizi yoyote katika maisha ya mgeni aliyefika mjini. Ya kwanza inamfundisha kusema kwamba angependa kuwalisha wolverini ncha za vidole vya mwenzake. Wolverini ni mnyama mkali wa nchi za baridi, wa ukoo mmoja na nyegere wetu, yule adui wa mizinga. Mwanafunzi hashangai wala haulizi; anarudia kila neno kwa utiifu kamili. Kisha, pasipo dalili yoyote, mwalimu anashika kifua, anahema kwa shida, anaanguka chini na kufa. Belushi anamtazama. Anafikiri kidogo. Halafu naye anashika kifua, anahema vilevile, na kujitupa sakafuni.

Ni hapo tu, watazamaji wakiwa hawajui kama wanachokiona kimekwisha au kimeharibika, ndipo Chevy Chase anapoingia akiwa amevaa vifaa vya masikioni kama msimamizi wa jukwaa, anawatazama wawili waliolala, anaigeukia kamera kwa tabasamu, na kutangaza kwamba ni Jumamosi usiku, moja kwa moja kutoka New York. Tangazo hilo limeendelea kufungua kipindi kwa zaidi ya miaka 50.

Hiki ndicho kipande kilichowapata vijana wetu kuliko nilivyotarajia, na nadhani sababu yake iko hapahapa nyumbani. Katika nchi ya Wanyamwezi, na kwa makabila mengi yaliyotaniana nao tangu enzi za misafara ya pwani na bara, mtani ana haki ya kufika msibani na kumwigiza marehemu. Anatembea kama alivyotembea, anakohoa kama alivyokohoa siku za mwisho, anajilaza chini mbele ya wafiwa na kudai alipwe ndipo aondoke. Watu hucheka machozi yakiwa bado mashavuni. Mtani aliye hodari hafanyi haraka na wala haelezi kwamba anatania. Anakiigiza kifo kwa uzito wote, na uzito huo ndio unaochekesha. Belushi, ambaye sidhani kama aliwahi kusikia habari za utani wa huku kwetu, alifanya jambo lilelile. Hakumdhihaki mwalimu wake. Alimfuata mpaka mahali ambapo somo lilikuwa limefika. Angeharakisha, angekodoa macho kuomba kicheko, au mwandishi angemwongezea sentensi ya mwisho ya kufafanua, kipande chote kingeanguka pamoja naye.

Kwa hiyo mtazamaji anaingia katika kipindi akiwa na matumaini makubwa, na hapohapo anakabidhiwa kwa George Carlin.

Nataka nimtendee haki Carlin, kwa maana mwaka 1975 alikuwa mmoja wa wachekeshaji wakubwa kabisa wa Marekani, na pia mmoja wa waliogopwa kuliko wengine. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa amekamatwa na polisi mjini Milwaukee kwa maneno aliyoyatamka jukwaani. Kumchagua awe mwenyeji wa kipindi cha kwanza kulikuwa tamko la ujasiri. Hotuba yake ya kulinganisha besiboli na mpira wa miguu wa Kimarekani imejengwa kwa ufundi mkubwa: mchezo mmoja unachezwa kana kwamba watu wako kwenye bustani, na mwingine unazungumzwa kwa lugha ya vita, wenye makombora na mashambulizi. Hata kwa vijana wa Tabora, ambao hawajui kanuni za michezo hiyo yote miwili, mjengo wake ulisikika, na wengine walianza kucheka kwa kufuata mdundo wa sauti kabla ya kutafsiriwa chochote. Baadaye anarudi na kuzungumza kuhusu Mungu na imani kwa namna ambayo, kwa kipindi cha televisheni ya miaka hiyo, haikuwa jambo dogo.

Lakini anarudi mara nyingi mno, na kila anaporudi anasimama peke yake. Carlin hakuigiza katika kipande hata kimoja usiku ule. Anatoka, anazungumza, anapigiwa makofi, anapotea. Waigizaji wanaingia, wanaigiza, wanapotea. Na pande hizo mbili hazikutani. Matokeo yake ni kwamba mtu anahisi anatazama maonyesho mawili yaliyokodi ukumbi mmoja. Mwenyeji wa kipindi cha namna hii, kama ilivyokuja kudhihirika katika miaka iliyofuata, anafaa pale anapokubali kuingia ndani ya mchezo, avishwe wigi, akosee, aonekane kituko mbele ya watu waliomjia yeye kwa jina lake. Mchekeshaji anayelindwa asiguswe na igizo humnyima mwigizaji mwenzake mtu wa kumshika. Hapa katika vikundi vyetu jambo hili hutokea kila tunapoalika mgeni maarufu: tunampa kipaza sauti na kiti cha mbele, ilhali tungepaswa kumpa sehemu ya kuigiza.

Hesabu ya mambo yaliyobanwa ndani ya saa moja na nusu ile inatisha. Kulikuwa na hotuba kadhaa za Carlin. Kulikuwa na wanamuziki wawili, Billy Preston na Janis Ian, kila mmoja akiimba nyimbo mbili. Kulikuwa na filamu fupi ya Albert Brooks, vikaragosi vya Jim Henson, mchekeshaji mgeni Valri Bromfield, mgeni mwingine Andy Kaufman, na Paul Simon aliyejitokeza kutangaza kwamba wiki ijayo angekuwa mwenyeji yeye. Mchekeshaji kijana Billy Crystal, aliyekuwa amepangiwa nafasi, aliondolewa siku ileile kwa kukosekana dakika. Baada ya hao wote ndipo wanapokuja waigizaji saba walioajiriwa hasa kwa ajili ya kipindi: Dan Aykroyd, John Belushi, Chevy Chase, Jane Curtin, Garrett Morris, Laraine Newman na Gilda Radner. Yeyote anayejua waigizaji hao walikuja kuwa nani atashangaa jinsi wanavyoonekana kwa nadra. Gilda Radner, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa na uso mwepesi kuliko wote katika kundi lile, karibu hapewi chochote cha kushika.

Kuhusu muziki sina lawama na sina mengi. Preston, aliyewahi kupiga kinanda pamoja na Beatles, aliufanya ukumbi uchangamke. Janis Ian aliimba wimbo wake wa msichana wa miaka 17 anayejiona hana uzuri, akiwa ametulia na gitaa lake, na kwa dakika zile studio yote ilikuwa yake. Nyimbo mbili zingetosha. Nne ni nusu ya sababu ya vipande vingine kukosa pumzi.

Vikaragosi vya Henson, ambavyo watoto wa Marekani walikuwa wamekwisha kuvipenda kupitia Sesame Street, hapa vimefanywa viumbe vya nchi iitwayo Gorch, yenye mfalme mlevi na asiye mwaminifu kwa mkewe. Ufundi wa mikono ni mkubwa, na maneno waliyoandikiwa ni maskini. Inaonekana wazi kwamba walioyaandika hawakuwa na mapenzi na vikaragosi. Henson alionyesha uwezo wake alipopata kipindi chake mwenyewe, The Muppet Show, mwaka 1976.

Mahali ambapo ufupi ulisaidia badala ya kudhuru ni katika matangazo ya biashara ya kubuni. Tangazo halisi ni fupi kwa asili yake, kwa hiyo tangazo la mzaha halidai muda ambao halikupewa. Moja linahusu dawa ya maumivu ya viungo iitwayo Triopenin: tunaiona chupa, tunaisikia sauti tulivu ikisifu nguvu ya dawa hiyo kwa wagonjwa wa baridi yabisi, na wakati wote huo tunaitazama mikono ya mgonjwa ikihangaika kufungua kifuniko kilichotengenezwa ili watoto wasiweze kukifungua. Hakuna uso, hakuna mazungumzo. Ni mikono tu, na hasira inayopanda ndani ya vidole. Kina mama wa umri wangu waliokuwa ukumbini walicheka kwa namna ya watu wanaoumizwa magoti na vidole kweli. Jingine ni la bima iitwayo New Dad, ambayo baba wa familia akifariki haileti fedha, inaleta baba mwingine papo hapo, akaketi mahali palepale pa marehemu. Nililipenda kwa ukatili wake uliopangwa vizuri. Sisi ambao tumeona vikao vya ndugu vikijadili nani atarithi nyumba, shamba na hata mjane, tunajua kwamba wazo hilo halikutoka mbali na maisha ya watu.

Tangazo la tatu limepata maana zaidi kadiri miaka ilivyopita. Wakati ule kampuni ya Gillette ilikuwa ikiuza wembe wenye makali mawili, Trac II, na waandishi wakabuni wembe wa makali matatu, Triple-Trac, ili kuonyesha jinsi mnunuzi anavyoweza kuaminishwa chochote. Mwaka 1998 Gillette ilitoa wembe wa makali matatu, Mach3, na ukauzwa duniani kote, Tabora ikiwemo. Kichekesho kizuri cha biashara huwa kinalisukuma jambo hatua moja tu mbele ya ukweli. Waandishi wale waliipima hatua hiyo sawasawa.

Ningetamani kuzungumza kwa wema uleule kuhusu hospitali ya nyuki. Waigizaji wamevaa mavazi ya nyuki yenye mistari na vipapasio kichwani. Akina baba nyuki wanasubiri nje ya chumba cha kujifungulia. Muuguzi anatoka na kumwambia kila mmoja alichokipata, huyu kibarua, yule dume, na mwingine malkia. Basi. Kipande kinaisha kabla hakijaanza. Hapa ndipo mtazamaji wa Tabora anakuwa mkali kuliko mtazamaji wa New York, kwa sababu nyuki ni mali yetu; kuanzia Sikonge hadi Urambo kuna watu waliolelewa na kusomeshwa kwa asali ya mizinga ya magome. Kijana mmoja katika kikundi chetu, ambaye babu yake ni mrina asali, alieleza mara moja kile ambacho kipande kiliacha mezani. Nyuki dume hafanyi kazi, hana mwiba, hufa akishampanda malkia, na wale wanaobaki hufukuzwa mzingani chakula kikipungua. Malkia akizaliwa katika mzinga wenye malkia mwingine, ni lazima mmoja auawe au kundi lihame. Baba anayepokea habari kwamba amepata malkia anapaswa kuingiwa na hofu, na baba aliyepata dume anapaswa kupewa pole. Mchezo mzima ulikuwa umelala ndani ya jambo lenyewe, ukisubiri dakika tatu ambazo hazikutolewa. Waliridhika na mavazi.

Vipande vingine viwili vinaugua ugonjwa huohuo. Kimoja ni cha mahojiano ya watu waliong'atwa na papa, kilichochochewa na filamu ya papa iliyotikisa Marekani majira yale ya joto: Jane Curtin anamhoji Belushi, ambaye ni dhahiri kwamba mkono anaodai ameupoteza ameuficha tu ndani ya nguo. Uongo unagundulika, na baada ya hapo hakuna pa kwenda. Kingine ni cha wauzaji wa ulinzi wa nyumba wanaovamia nyumba ya watu usiku ili kuthibitisha kwamba inavamika. Wazo ni zuri sana, na lingeweza kuandikwa leo hii kwa mji wowote wenye kampuni za walinzi, lakini linafikia mlangoni na kusimama.

Kuna kipande kimoja ambacho sitakitetea kwa hoja ya muda. Ni cha mahakamani, ambapo mwanamke aliyebakwa anaombwa aeleze maneno aliyoambiwa na mshtakiwa, anaona aibu kuyatamka, anayaandika kwenye karatasi, na karatasi hiyo inazungushwa kwa wazee wa baraza mpaka inamfikia mmoja aliyekuwa amesinzia, ambaye anaamka na kudhani jirani yake ndiye aliyemwandikia. Muundo wake ni safi, na mwisho wake ni wa wazi kuliko wa vipande vyote vya usiku ule. Hata hivyo kicheko kimejengwa juu ya aibu ya mtu aliyeumizwa, na mwanamke huyo anaachwa kizimbani bila mtu kumwangalia tena. Tulipokiangalia, wasichana wa kikundi walinyamaza, na niliona ukimya wao una haki. Karatasi ile ingeweza kubeba siri ya namna nyingine yoyote, na mchezo ungebaki na nguvu yake yote.

Taarifa ya habari ya mzaha, Weekend Update, inasomwa na Chevy Chase. Usiku huo bado ni changa, na utani wake kuhusu Rais Gerald Ford umezeeka pamoja na siasa zilizouzaa. Lakini namna Chase anavyoketi, akisoma upuuzi kwa uso wa mtu anayeaminika, tayari imekamilika. Watanzania tulioona Ze Comedy katika miaka yake ya kwanza tunaujua utamu wa kuigiza mambo ya televisheni ndani ya televisheni yenyewe. Pamoja na habari hizo ningetaja filamu fupi ya mtaani, Show Us Your Guns, ambamo wapita njia wanaombwa waonyeshe silaha zao, nao wanazitoa bila kusita, mmoja baada ya mwingine. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo Ford alikuwa amenusurika kuuawa kwa bunduki mara mbili, tarehe 5 na tarehe 22 Septemba. Filamu hiyo haikulitaja jambo hilo hata kwa neno moja, na hapakuwa na haja.

Nimemweka Andy Kaufman nyuma kwa makusudi, kwa sababu dakika zake ndizo ninazotaka kila kijana anayejifunza kuchekesha azitazame akiwa ametulia. Kaufman anasimama kando ya santuri. Anaweka sindano juu ya sahani, na unaanza kulia wimbo wa katuni ya watoto, ile ya panya mwenye nguvu aitwaye Mighty Mouse. Kaufman haimbi. Amesimama na macho yake makubwa, mikono imening'inia, anaonekana kama mtu aliyesukumwa jukwaani kwa nguvu na hajui aangalie wapi. Wimbo unaendelea. Kisha inafika sentensi moja tu, ile ambayo panya anatangaza kwamba anakuja kuiokoa siku, na ghafla Kaufman anainua mkono kwa ushujaa mkubwa na kuifuatisha kwa midomo, bila kutoa sauti, akiwa na uhakika wa mfalme. Sentensi ikiisha, ushujaa wote unamtoka, na anarudi kuwa mtu yule mwenye wasiwasi. Anasubiri. Katikati anakunywa maji. Mahali pengine anakaribia kuanza kabla ya wakati, anajizuia, anasubiri tena.

Vijana wetu mwanzoni waliona kuna hitilafu. Mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, huyu amesahau maneno?" Sikumjibu. Sentensi ilipokuja mara ya pili, ukumbi mzima ulikuwa unaisubiri pamoja na Kaufman, na walicheka kwa sababu walikuwa wamehesabu naye. Huo ndio uzito wa neno mubashara. Ukimya ule, kama ungerekodiwa na kupelekwa kwa mhariri, ungekatwa. Mtu fulani angesema kwamba ni mrefu, kwamba mtazamaji ataondoka. Kaufman alikubali kuonekana kama mtu aliyeshindwa, mbele ya taifa, kwa muda wa kutosha ili tumwogopee, na alikuwa ameshikilia mkononi sentensi moja tu ya kujiokoa. Sijui mchekeshaji mwingine wa televisheni wa miaka hiyo aliyefanya kidogo kiasi hicho na kupata kikubwa kiasi hicho. Zaidi ya hayo, hakuwa hata mmoja wa wale saba. Alikuwa mgeni, na kwa kuwa alikuwa mgeni, hakuna aliyemharakisha.

Kwa hiyo nikiulizwa ningekipanga vipi kipindi kile, jibu langu si kuongeza vichekesho, ni kupunguza. Ningeondoa nyimbo mbili, ningebakiza hotuba mbili za Carlin, ningemtia Carlin katika nyumba inayovamiwa na wauzaji wa ulinzi awe baba mwenye nyumba, maana mtu mwenye mdomo mkali kiasi kile akikutana na mwuzaji asiyesikia, mchezo unajiandika. Dakika zilizookolewa ningewapa nyuki. Vikaragosi ningeviacha vingoje mwandishi anayevipenda. Nimewaeleza vijana hivyo, na tumekubaliana kwamba onyesho letu lijalo litakuwa na vipande vitano badala ya kumi na viwili tulivyokuwa tumevipanga, kila kimoja kikiwa na mwisho ulioandikwa kabla ya mazoezi kuanza, na kwamba mgeni tutakayemwalika atapewa sehemu ya kuigiza hata kama atakataa mara ya kwanza.

Anayetaka kuona jinsi waigizaji wale walivyopata nafasi yao asitazame kipindi cha pili, cha tarehe 18 Oktoba, maana Paul Simon alikijaza muziki mpaka kundi likakaribia kutoonekana kabisa. Nyuki waliingia jukwaani na kuambiwa na Simon kwamba kipande chao kimefutwa. Atazame cha tatu, cha tarehe 25 Oktoba, mwenyeji akiwa Rob Reiner. Nyuki wanaingia tena, Reiner analalamika kwamba wanamharibia igizo lake, na Belushi, akiwa ndani ya vazi lilelile lenye mistari, vipapasio vikitikisika juu ya kichwa chake, anamgeukia na kumjibu kwa niaba ya waigizaji wote. Anaanza kwa kuomba radhi. Kisha anapandisha sauti taratibu, anapewa muda wote anaouhitaji, na hakuna anayemkatiza.